Maswali na Majibu: Mtoto Akikuta Bunduki

Barua za silaha ndani ya nyumba zimetufikia zaidi kutoka kwa wasomaji waliohamia Marekani, nchi ambayo tangu mwaka 2020 risasi zimekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19, zikizidi hata ajali za magari. Tumechagua barua sita na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa kuwa mengi waliyotueleza ni ya ndani ya familia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tulizaliwa Kivu Kusini, tukaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, na sasa tuko Louisville, Kentucky. Mwanangu wa miaka 7 hucheza nyumbani kwa rafiki yake wa darasani, na juzi alinieleza kwamba baba wa rafiki huyo ana bastola na kwamba mtoto mwenzake anajua inapokaa. Kule tulikotoka bunduki ilikuwa ya askari au ya mwasi, na mtoto alijua kumkimbia mwenye nayo. Hapa iko kabatini kwa jirani mwema anayetusalimu kila asubuhi. Nimfundishe nini mwanangu, na je, ni adabu kumhoji jirani kuhusu kilichomo nyumbani mwake? — *Mama wa watoto wanne, Louisville*

JIBU: Mama, tunaanza na jirani kabla ya mtoto, maana katika barua yako sentensi iliyotushtua ni ile inayosema kwamba mtoto mwenzake anajua bastola inapokaa. Tumelelewa kuamini kwamba mgeni hahoji mambo ya mwenyeji, nayo ni malezi mazuri, lakini hapa unamuulizia mwanao mwenyewe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimewahimiza wazazi kwa miaka mingi waulize jambo hili kabla mtoto hajaenda kucheza kwa wenzake, na wamiliki wengi wa silaha hawalioni kuwa tusi. Lipachike katikati ya maswali ya kawaida: mwanangu hali karanga, je, mbwa wenu ni mkali, na kama kuna bunduki nyumbani, je, imefungiwa na risasi zimeondolewa? Ukiona uzito kulisema uso kwa uso, andika ujumbe wa simu. Akikueleza kwa utulivu namna anavyoifungia, umepata jibu. Akicheka na kusema kwamba watoto wake wamekwisha kufundishwa wasiiguse, hilo nalo ni jibu, na kuanzia siku hiyo watoto wachezee kwako. Huna haja ya kugombana naye. Mkaribishe mwanawe, mpikie, na urafiki utaendelea.

Kuhusu mafunzo yenyewe, yale yanayojulikana zaidi katika shule za Marekani ni ya Eddie Eagle, tai wa katuni ambaye programu yake ilianzishwa mwaka 1988 na chama cha wamiliki wa silaha cha NRA. Mtoto hufundishwa kwamba akikuta bunduki asimame, asiiguse, akimbie na amwambie mtu mzima. Maneno hayo ni mazuri, na unaweza kumfundisha kwa Kiswahili leo jioni. Ugumu ni kwamba kuyasema si kuyatenda. Watafiti waliwahi kuwafundisha watoto wa miaka 4 na 5, kisha wakawaacha, bila watoto hao kujua kwamba wanatazamwa, mahali palipokuwa na bunduki isiyoweza kufyatua, na watoto walioyakariri maneno yote bila kukosea hawakuyafuata. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliofanyishwa mazoezi kwa vitendo, wakasahihishwa palepale na kurudia.

Watoto wakubwa nao wasituhadae. Katika utafiti wa Atlanta uliochapishwa mwaka 2001, wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi ndani ya droo. Makundi 21 kati ya 29 yaliikuta, makundi 16 yaliishika, na katika makundi 10 alikuwepo aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya wavulana walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Linalopasa kumkosesha mzazi usingizi ni hili: zaidi ya tisa katika kila kumi ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa silaha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kufundisha ni kazi bure. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitoa matokeo ya watoto 226 wa miaka 8 hadi 12, ambapo baadhi yao walitazama video fupi ya usalama wa bunduki na wengine ya usalama wa magari. Wiki moja baadaye walipokuta bastola zisizoweza kufyatua ndani ya droo, karibu theluthi moja ya kundi la kwanza walimwambia mtu mzima, ilhali katika kundi la pili alikuwa takriban mmoja katika kumi. Tofauti hiyo ni kubwa na inatosha kutufanya tuendelee kufundisha, lakini theluthi mbili walionyamaza ndio wanaotufanya tusisitize kufuli.

Kwa hiyo mfanyishe mwanao mazoezi. Weka bastola ya plastiki chini ya mto wa kochi, mwambie aingie sebuleni, aikute, atoke bila kuigusa na aje akuambie. Kisha baada ya wiki kadhaa uiweke tena mahali pengine bila kumwarifu, umtazame. Usimwachie kazi ya kupambanua ya kweli na ya kuchezea, kwa sababu hata mtu mzima hukosea: chochote chenye umbo la bunduki ambacho hakupewa na mzazi wake asikiguse. Mpe pia sentensi ya kujiondolea pale wenzake watakapomcheka kuwa mwoga, kwa mfano, “Mama ananisubiri, nimechelewa.” Na siku atakapokuja kukueleza kwamba ameiona, usianze kwa kumkaripia alikuwa anatafuta nini chumbani kwa watu, maana ukifanya hivyo mara moja hatakuambia tena.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala moja mjini Fort Worth, Texas, na kazi yangu inanitaka niwe na bastola. Ninapolala mchana huiweka juu ya kabati chini ya mablanketi, ikiwa na magazini, yaani kasha la risasi, ndani. Watoto wangu wana miaka 5, 9 na 13, wana adabu, na hawajui ilipo. Mke wangu anataka ninunue sanduku la chuma. Mimi naona ni gharama isiyo ya lazima, na kwamba mtu akivunja mlango sitaiwahi. Nani kati yetu ana haki? — *Baba mlinzi, Fort Worth*

JIBU: Mkeo. Kwamba watoto hawajui ilipo ni imani ya karibu kila baba mwenye bunduki. Katika utafiti uliofanywa vijijini Alabama na kuchapishwa mwaka 2006, wazazi na watoto waliulizwa kila mmoja peke yake, na kati ya watoto ambao wazazi wao walisema hawajui bunduki inapowekwa, 39 katika kila 100 walipajua. Kati ya wazazi walioapa kwamba mtoto wao hajawahi kuishika, zaidi ya mmoja katika kila watano alikanushwa na mtoto mwenyewe. Adabu ya watoto wako hatuitilii shaka, lakini mtoto wa miaka 5 anayetafuta blanketi la kujengea kibanda wala havunji adabu.

Sanduku tunalokushauri si lile kubwa la benki. Yapo masanduku madogo ya chuma yanayofunguka kwa tarakimu au alama ya kidole kwa muda wa sekunde chache, nayo hufungwa kwa skrubu kwenye sakafu au kwenye fremu ya kitanda ili lisibebwe lote. Kama fedha ni tatizo, vituo vingi vya polisi hutoa bure kufuli la waya, ambalo hupitishwa ndani ya bastola ili isiweze kupakiwa wala kufyatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kimoja kati ya vitendo vinne, yaani kuifungia silaha, kuiweka bila risasi, kuzifungia risasi, na kuziweka risasi mahali tofauti na silaha, kiliambatana na kupungua kwa hatari ya watoto na vijana kujidhuru au kudhuriwa kwa bahati mbaya. Katika nyumba yenye watoto wa umri huo, sisi tungechagua vyote vinne. Tarakimu za siri zisiwe za siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote nyumbani, wala zile zile za simu yako, ambazo huyo wa miaka 13 bila shaka anazijua kwa moyo.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo limeua watu wengi na ambalo walinzi wazoefu nao hulisahau wakiwa wamechoka. Kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Unapotoka kazini, elekeza mtutu mahali salama na weka kidole mbali na kifyatulio, chomoa magazini kwanza, kisha vuta kitelezi (sehemu ya juu ya bastola inayosogea) nyuma risasi ya chemba itoke, halafu tazama ndani kwa macho na upapase kwa ncha ya kidole. Ukigeuza mpangilio huo, ukavuta kitelezi kabla ya kuchomoa magazini, utaingiza risasi nyingine na utadhani umeitoa. Fanya kazi hiyo kabla hujavua viatu, kabla ya chai na kabla ya kusalimia watoto, na usiiache bastola katika droo ya gari hata kwa dakika ya kuingia dukani.

Sheria ya Texas nayo inakuhusu. Mtu anayemwachia mtoto aliye chini ya miaka 17 njia ya kuifikia silaha yenye risasi kwa uzembe anatenda kosa, na kosa hilo huwa kubwa zaidi silaha ikifyatuka na kusababisha kifo au jeraha baya. Na huyo mvunja mlango unayemwogopa atakukuta umelala fofofo baada ya zamu ya usiku, ilhali watoto wako macho.

SWALI: Je, ni vibaya kuwanunulia watoto bunduki za plastiki wakati wa sikukuu? — *Bibi wa wajukuu saba, Minneapolis*

JIBU: Bibi, shikamoo. Mchezo wenyewe hatuna sababu ya kuuharamisha, ila Marekani una masharti yake. Sheria ya nchi inataka bunduki ya kuchezea iwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya mtutu, au itambulike kwa rangi yake yote. Mtoto asiiondoe wala kuipaka rangi nyeusi. Wachezee ndani au uani, na kamwe isiingie kwenye begi la shule, kwa kuwa shule nyingi humsimamisha mwanafunzi hata kwa ya plastiki. Mwaka 2014 mjini Cleveland, mvulana mweusi wa miaka 12 aliyekuwa bustanini na bastola ya kuchezea inayorusha vidonge vya plastiki, iliyokwisha kuondolewa alama yake alipigwa risasi na polisi sekunde chache baada ya gari lao kufika, akafariki. Wanunulie mipira, Bibi.

SWALI: Mhariri, kaka yangu anaishi Grand Rapids, Michigan, na ana bunduki ya kuwindia kulungu. Mwanawe wa miaka 17 amebadilika tangu mwaka jana: ameacha mpira, halali, amegawa vitu vyake alivyovipenda, na aliwahi kuniambia kwamba sisi tungepumzika kama yeye asingekuwepo. Kaka yangu anasema hakuna hatari kwa sababu kijana amefundishwa bunduki vizuri kuliko yeye mwenyewe. — *Shangazi mwenye wasiwasi*

JIBU: Shangazi, umeona vizuri, na tunakuomba usisubiri toleo lijalo la gazeti hili. Mafunzo ya usalama humkinga kijana na ajali. Hayamkingi na huzuni yake mwenyewe. Kati ya watu wanaojaribu kujiua kwa bunduki, takriban tisa katika kila kumi hufa, na hawapati nafasi ya kujuta, ilhali wengi wa wale wanaonusurika jaribio la kujiua hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Wimbi baya la mawazo mara nyingi ni la muda mfupi, na kinachotakiwa ni kijana asiwe na bunduki karibu wakati wimbi hilo linapita.

Mwambie kaka yako aitoe bunduki nyumbani leo pamoja na risasi zake. Anaweza kuiomba ihifadhiwe na duka la silaha lenye leseni au na polisi, akiwapigia simu kwanza ili wamwelekeze namna ya kuileta. Kufuli peke yake, katika nyumba ambayo kijana wa miaka 17 anajua funguo zinapowekwa, halitoshi kwa sasa. Kisha zungumza na mpwa wako bila mafumbo: muulize kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeona. Namba ya msaada ni 988, hupigwa au huandikiwa ujumbe saa zote na bila malipo, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani. Kama yuko hatarini saa hiyo hiyo, pigeni 911 na msimwache peke yake.

Ikiwa kaka yako hasikii la dada, mkumbushe sheria. Tangu tarehe 13 Februari 2024 Michigan inamtaka mwenye bunduki aifungie pale ambapo mtoto anaweza kuifikia. Katika jimbo hilo hilo, wazazi wa kijana wa miaka 15 aliyewaua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford mwaka 2021 walihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja, baada ya mahakama kuwatia hatiani kwa vifo hivyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina miaka 16 na ninaishi Des Moines, Iowa. Wenzangu shuleni huenda kuwinda na familia zao, nami ningependa kusoma darasa la wawindaji. Baba hataki hata kulisikia. Anasema bunduki ilitufukuza kwetu na haitaingia tena katika maisha yetu. Je, kujifunza ni kosa? — *Kijana, Des Moines*

JIBU: Marahaba. Kujifunza si kosa, na kukataa kwa baba yako si ujinga. Mpe kwanza haki yake: yeye amekwisha kuona kazi ya bunduki kwa macho, na wewe umeiona kwenye simu. Aidha kuna jambo ambalo huenda hajakueleza. Kwa mtu asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Kijana mwenzako aliyezaliwa Iowa akikosea sheria huenda akalipa faini tu. Wewe, kama familia yenu bado haijapata uraia, unaweza kuponza mengi zaidi. Kwa hiyo mambo ya vibali na umri yaulizwe kwa mwanasheria kabla ya bunduki yoyote kushikwa.

Darasa lenyewe ni jambo la heshima. Iowa humtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 awe na cheti cha mafunzo hayo kabla ya kununua leseni ya kuwinda. Mwalike baba yako aje akae darasani nawe, hata kama hatakuruhusu kuwinda. Atakachokisikia hakifanani na alichokiona: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hata kama aliyekupa ameapa kuwa haina, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho hukusudii kukipiga, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kufyatua, na ujue kilicho nyuma ya unachokilenga, kwa kuwa risasi ya bunduki ya kulungu huendelea na safari yake mbali sana baada ya kumkosa mnyama. Tunakushauri uzingatie sana kanuni ya pili, kwa sababu mwenye kuulinda mdomo wa mtutu wake hata akikosea nyingine tatu kwa wakati mmoja ataishia kutoboa ardhi.

Utafundishwa pia mambo madogo yasiyoonekana katika filamu. Bunduki hutolewa risasi kabla ya kuruka uzio au kupanda jukwaa la mtini. Nguo ya rangi ya chungwa huvaliwa ili mwindaji mwingine asikudhanie mnyama. Masikio na macho hukingwa, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi huacha vumbi la madini yake vidoleni. Ukipata cheti, bado ufunguo wa sanduku la bunduki ubaki kwa mtu mzima. Mwalimu mzuri atakuambia hivyo mwenyewe, na asipokuambia, tafuta mwingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Goma. Baada ya mapigano wanafunzi hukuta risasi, guruneti na mabomu mashambani, na wengine huyaleta shuleni. Mafunzo ya huko Marekani yanatufaa sisi? — *Mwalimu, Kivu Kaskazini*

JIBU: Mwalimu, yanakufaa kwa nusu. Usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima: hayo yanabaki. Lakini bunduki iliyolala droo haifyatuki yenyewe, ilhali guruneti au kombora ambalo halikulipuka linaweza kulipuka kwa kuguswa tu, kwa kutupiwa jiwe au kwa kuchomewa taka karibu nalo. Kwa hiyo badala ya kukimbia ovyo, mtoto asimame, awaonye wenzake, na arudi polepole kwa njia ile ile aliyojia, kwa kuwa lilipo moja huenda yapo mengine. Akumbuke mahali, asiweke alama kwa kukisogelea, na habari ifike kwa mwalimu, chifu, na wategua mabomu wa serikali au wa Umoja wa Mataifa. Wakazi wa Dar es Salaam walilazimika kujifunza haya baada ya maghala ya jeshi kulipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabaki ya mabomu yakatapakaa katika makazi ya watu.

Watoto wanaokusanya vyuma chakavu wapewe onyo la pekee, na wanunuzi wa vyuma waitwe shuleni wasikie pamoja nao. Anayekuja na guruneti mkononi asipigiwe kelele wala kuamriwa alitupe. Aambiwe alilaze chini taratibu, kisha darasa zima litoke na kwenda mbali. Mfundishe kwa picha, wala usihifadhi mfano halisi kabatini hata ukiambiwa umeshakufa. Na kama shuleni kwako, kama ilivyo mahali pengi, kengele inayopigwa ni ganda la kombora lililoning'inizwa mtini, lishushwe na wataalamu walikague, na itafutwe rimu ya gari.